Na, Tena Na

Kitabu nilikinunua Birere, juu ya turubai,
kati ya chaja zilizokufa na viatu vya mguu mmoja.
Sarufi ya Kihispania. Panya wamekula jalada,
kurasa zinaanzia kumi na tisa,
kwa hiyo salamu sizijui hadi leo.
Nilianzia moja kwa moja pale "mimi" anapovunjika.

Yo ni mimi niliyesimama wima.
Mtangulizie kihusishi, kineno kama kokoto,
para, sin, de,
naye anainama, anakuwa mí,
alama kichwani kama mtu aliyebeba kidumu cha maji.
Tú anakuja na alama yake, anaitua mlangoni,
anaingia ti, kichwa kitupu.
Mzigo uliokuwa wako, tazama, nimeubeba mimi.

Nikamsomea dada yangu Masika haya yote.
Akacheka, mikono ndani ya beseni.
Miaka sita alifua sare za askari wa Uruguay
kule kambini, karibu na uwanja wa ndege.
Kihispania kilimwingia na povu.
"Contigo? Nani anasemaka ivyo?
Bale basoda banasemaka con vos.
Para vos, Masika. Sin vos, Masika.
Weye umesoma na macho,
miye nilisikia na masikio."

Nikapekua ukurasa wa arobaini: vos hayumo.
"Basi kwa wale askari," nikamuuliza,
"mimi nainama nikipita mlango wa kihusishi,
na wewe hupindi hata shingo?"
Akakamua suruali. "Njo vile."

Shuleni mwalimu Kambere alitufundisha nami, nawe, naye,
na rula yake ilijua vidole vya kila aliyesema "na miye".
Nyumbani hakuna aliyesema nami.
Mama alisema: kuya na miye ku soko.
Na soko tulilifikia vilevile.

Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama chawa,
imeandikwa kwamba conmigo ina "na" mbili.
Ile go ya mwisho ni "na" ya kale, ya Kilatini,
iliyopoa mpaka watu wakasahau kuwa ni "na",
wakaweka nyingine mbele.
Na-mimi-na.

Nikainua macho.
Nyumba yetu imesimama juu ya nyumba yetu.
Ile ya chini ilimezwa na mlima Masika akiwa na miaka saba.
Dirisha lake bado limechomoza kiganja kimoja juu ya ardhi,
ndipo tunapoweka sabuni.
Baba alingoja makoro yapoe, akajenga.
Hakuuliza chini kuna nini. Alijua.

Kambi ilifungwa. Kamba za kuanikia zilikatwa,
Masika akarudi na beseni lake
na vifungo vitatu vya sare ndani ya kopo la maziwa.
Nani alimwambia sin vos, sikuuliza.
Ila usiku ule nilijaribu maneno yetu wenyewe:
nami ipo, nawe ipo,
lakini bilami hakuna, bilawe hakuna.
Bila mimi. Bila wewe.
"Na" inatuyeyusha tukashikana;
"bila" inamwacha kila mmoja mzima, upande wake,
kama jiwe lililokwisha kupoa.

Asubuhi nikamletea habari mpya:
kuna vihusishi vichache visivyomvunja mtu.
Según yo: kwa maoni yangu, nami nimesimama.
Entre tú y yo: kati yako na yangu.
Masika akaacha kusugua.
"Entre vos y yo," akasema taratibu,
si kwangu, kwa ile kamba tupu iliyokuwa mbele yake,
na kwa mara ya kwanza kitabu na beseni vikapatana:
hakuna aliyeinama.

Kisha akanirushia soksi iliyolowa.
"Kamua," akasema.